Mchanga wa Exit, zege la Baba

Baba yangu ni fundi mwashi, Tanga. Nimekulia juu ya malundo ya mchanga na kokoto, kwa hiyo mtu akinipeleka kuona barafu, mimi naangalia chini.

Niko Seward, Alaska, kwa msimu wa samaki. Jumapili hatukuwa na zamu, tukaenda Exit Glacier, kilomita kama 20 kutoka mjini. Ni barafuto, yaani mto wa barafu, inayoteremka kutoka uwanda wa barafu wa Harding. Kabla hujafika unapita vibao vidogo vya miaka. Cha 1815 kiko huko nyuma barabarani, katikati ya miti mikubwa. Ndipo ulipokuwa mdomo wa barafu, yaani pale inapoishia, mwaka huo. Halafu 1917, 1926, 1951... Unatembea na miaka inakuja kwako. Tangu 1815 imerudi nyuma zaidi ya kilomita 2.

"Imerudi nyuma" lakini ni maneno tu. Barafu yenyewe hairudi, inashuka siku zote, kama vibarua wanaoleta toroli moja baada ya jingine. Mdomoni inayeyuka na kumwaga ilichobeba. Kuyeyuka kukizidi kushuka, mdomo unasogea juu. Vikilingana kwa muda, toroli zinamwaga palepale na tuta linainuka. Matuta hayo huitwa moreni. Njia ya miguu inayakata, na mengine hayanizidi kimo. Umri wake watu wa hifadhi waliupata kwa kuhesabu pete za miti iliyoota juu yake.

Nilichimba kidogo kwa kidole pembeni ya tuta moja. Jabali la ukubwa wa friji, kokoto zenye ncha, mchanga na unga wa kijivu, vyote pamoja kama mtu kaangusha gari la vifaa. Nikampigia Baba picha, nikamtumia. Hakuuliza habari za barafu hata kidogo.

"Hii haijachekechwa," akasema. "Ukijengea hii, ukuta unapasuka."

Kweli tupu. Barafu haina chekeche. Inabeba jabali na vumbi kwa nguvu ileile na kuviacha mahali pamoja. Anayechekecha ni maji. Mbele ya barafuto kuna bonde pana, tambarare, ambamo kijito kinajigawa vijia vingi vinavyohama kila mara. Maji yakipungua kasi yanaacha mawe kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga. Ule unga mwembamba hautui upesi, unasafiri hadi mto Resurrection na baharini, ndiyo maana maji yana rangi ya saruji iliyokorogwa nyepesi. Nilimtumia Baba picha ya changarawe ya bondeni. Hapo akapiga simu mwenyewe.

Nikamweleza unga unatoka wapi. Barafu ya aina hii iko kwenye joto la kuyeyukia mpaka chini kabisa, kwa hiyo ina maji tumboni na inateleza juu ya mwamba. Mawe yaliyonasa chini yake yanafanya kazi ya msasa. Karibu na barafu niliona mwamba uliosuguliwa ukalainika, una michirizo iliyonyooka yote upande mmoja. Niliupapasa kama sakafu ya terazo. (Baba anadai terazo yake ni laini zaidi. Sikubishana.)

Miti nayo inapanga foleni: karibu na barafu ni mwamba mtupu na kuvumwani, nyuma kidogo vichaka, na ukirudi kwenye vibao vya zamani, misprusi, miti ya jamii ya misonobari, mirefu inayoziba jua.

"Sasa lori moja la ile changarawe ya bondeni linauzwaje?" Baba akauliza.

Nikamwambia hiyo ni hifadhi ya taifa, changarawe yake haiuzwi. Akanyamaza kidogo, akaguna.

"Changarawe yote ile?"