Leseni ya udaktari Uingereza: makaratasi ya kuanza nayo ukiwa bado Moshi

Wadogo zetu wanaomaliza udaktari KCMC, hospitali ya kufundishia ya Moshi, hutuuliza sisi tulioko Uingereza kama PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, ni ngumu. Mtihani unasomeka. Wengi hukwamia kwenye vyeti, na mara nyingi kwa sababu wameviomba kwa mpangilio mbaya.

Anza na jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Anaeli, shahada inasema Anael, pasipoti imeongeza jina la babu. Nyumbani karani anatabasamu na kukupitisha, lakini GMC, yaani baraza la madaktari la Uingereza, husoma herufi kwa herufi. Sawazisha majina kabla hujalipia chochote, maana shahada yako itapitia ECFMG, taasisi ya Marekani inayohakiki vyeti vya madaktari, ambayo hukiandikia chuo kuuliza kama kweli ni yako. Barua hiyo ikilala kwenye ofisi ya chuo, nawe unalala nayo. Fuatilia kwa simu, au mwombe mtu aliyeko Moshi apite pale mwenyewe.

Kiingereza ndicho kinachowaudhi wengi. "Nimesoma miaka mitano kwa Kiingereza, nifanye IELTS, mtihani wa Kiingereza, ya nini?" Sharti la kusamehewa linataka angalau asilimia 75 ya mazungumzo ya wodini, na wagonjwa pamoja na ndugu zao, yawe yalifanyika kwa Kiingereza. Sasa fikiria raundi ya asubuhi pale Moshi: "Shikamoo bibi, leo tumbo linaendeleaje?" Bibi akijibu kwa Kichaga, nesi anatafsiri. Huwezi kuitia saini hiyo asilimia 75 kwa moyo mweupe. Fanya IELTS ya kitaaluma: wastani 7.5, na kila sehemu isipungue 7.0, vyote katika kikao kimoja. Ukipata 6.5 kwenye kuandika tu, unarudia yote. Wengine huona OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ni nafuu kwa kuwa maswali yake ni ya hospitalini. Huko unatakiwa daraja B kila sehemu. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiyafanye mapema mno ukakuta yamechacha.

PLAB ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua kwa saa tatu, na inafanyika hata nje ya Uingereza. Ya pili ni ya vitendo, Manchester pekee. Hapo wenzetu huangushwa na mazungumzo kuliko dawa: daktari anatoa amri badala ya kumweleza mgonjwa njia zilizopo na kumwacha achague.

Intanshipu nayo ina masharti yake. Wanataka miezi 12 mfululizo, ndani yake isiyopungua mitatu ya magonjwa ya ndani na mitatu ya upasuaji. Barua ya hospitali itaje tarehe za kila idara. Ile ya mstari mmoja, "amemaliza kwa kuridhisha", itarudishwa.

Cheti cha mwenendo mwema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika kiombe mwisho kabisa. Kinahesabika miezi mitatu tu tangu kitolewe, na watu hukiomba kwanza kwa sababu ni rahisi, kikaisha muda wakisubiri majibu ya mtihani. Kama ndani ya miaka mitano umefanya kazi Nairobi pia, baraza la Kenya nalo litoe chake.

Jihadharini na mawakala wa Arusha wanaouza "nafasi za kazi". Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya, na Uingereza imekataza waajiri wake kwenda kuvuna huko. Kuomba mwenyewe moja kwa moja kunaruhusiwa.

Ukishasajiliwa, utaanzia sehemu zilizoidhinishwa na GMC. Kila mwaka unatathminiwa, na kila baada ya miaka mitano leseni inathibitishwa upya. Kitakachokusumbua zaidi ni tabia za nyumbani. Kwetu mume au kaka mkubwa husemea mgonjwa. Huku, mtu mzima mwenye akili timamu huamua mwenyewe, na sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua (Mental Capacity Act, ya England na Wales) haimpi ndugu haki ya kumwekea saini kwa sababu tu ni ndugu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Montgomery ya mwaka 2015, unatakiwa kumweleza hatari zote ambazo mtu wa hali yake angeziona za maana, hata zile zinazotokea kwa nadra.

Halafu kuna WhatsApp. Shangazi aliyeko Sakina, Arusha, anatuma picha ya kipimo cha sukari, anataka jina la dawa. GMC inakutaka uepuke kuandikia dawa watu wako wa karibu. Mwelekeze hospitali ya Mount Meru, tena leo hii, na kesho mpigie uulize alichoambiwa.

Leseni ya Tanzania usiiache ife. Ukija likizo ya Desemba na kanisa likaandaa kambi ya matibabu Marangu, leseni ya Uingereza haikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa pale.