Mafuta ya sambusa, ile jeli, na mama mkwe

Jamani mafuta ya sambusa hayana adabu. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, niko uani kwangu Magomeni, karai limejaa, nikatumbukiza sambusa moja ambayo pembe sikuifunga vizuri, ikapasuka mafuta yakaruka yakanipata mkono chini ya kiwiko, sehemu kama nusu kiganja hivi. Sijamaliza hata kupiga kelele mama Zuhura wa jirani kashafika na dawa ya meno, mwingine anaulizia yai bichi, mwingine unga wa ngano. Nikawakatalia wote nikakimbilia bombani, na siku hiyo maji yalikuwepo (maajabu ya Dar hayo), nikakaa dakika 20 nzima mkono chini ya maji huku sambusa zinaungua. Maji ya kawaida lakini, sio barafu, na hata ukichelewa yanasaidia ndani ya masaa 3 ya kwanza.

Zahanati ya kwanza niliyoenda, jina naliacha, walinifunga gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha vidonda. Siku ya pili kuitoa, gozi imegandana na kidonda, nesi kavuta, ikaja na kangozi kapya kalikokuwa kanaanza kuota. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Zahanati ya pili ndo nikakutana na haidrojeli. Ni kipande laini, cha baridi, unaona kidonda kwa ndani bila kukifungua. Kama umewahi kuchana pampasi iliyolowa ukakuta vile vidude vinavyoteleza, basi ni ndugu zake, yaani ni wavu wa polima (minyororo mirefu ya molekuli) unaoshika maji, jeli nyingine za vidonda maji yanafika mpaka asilimia 90. Ndo maana inapoza na haigandani na kidonda.

Sisi wote tumelelewa na "acha kidonda kipate hewa kikauke". Kumbe mwaka 1962 mtafiti George Winter kule Uingereza alifanya jaribio kwa nguruwe (ndiyo, kitimoto), vidonda alivyovifunika vikabaki na unyevu vilifunga ngozi kama mara mbili haraka kuliko vilivyoachwa vikauke. Kidonda kikikauka kinaweka gaga, ngozi mpya inabidi ijichimbie njia chini yake.

Sasa shida ya unyevu ni kwamba bakteria nao wanaupenda, hasa kwenye kidonda cha moto maana ngozi ya kuwazuia haipo. Ndo wataalamu wakaanza kuchanganya vitu humo ndani: madini ya fedha, asali, alovera, manjano, na kitu kinaitwa kitosani ambacho kinatoka kwenye maganda ya kamba, yale yale tunayotupa pale soko la samaki Feri. Asali sukari yake inawanyonya bakteria maji, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatoa haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu, kidogo kidogo. Manjano yanasumbua kwa sababu kile kiini chake hakiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo wanakisaga kiwe chembe ndogo mno ndo kiingie kwenye jeli. Ila nyingi ya hizi za mitishamba bado zipo maabara kwa panya, kwahiyo ukiona mtu Kariakoo anauza "jeli ya maajabu" kwenye kopo la mayonezi, pita.

Na usikate alovera ya uani ukapaka kwenye kidonda kibichi ukasema si ni kitu kile kile. Ya hospitali imeuliwa vijidudu, hata asali ya vidonda inapigwa mionzi kwanza. Pia jeli sio ya kila moto. Kidonda kinachovuja sana kitalowa mpaka ngozi ya pembeni ilegee, na ukiungua uso, kiganja, kwenye viungo, au pakawa peupe pasipouma, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga siku ya tano. Shikamoo mama, marahaba, macho yapo mkononi. "Mbona kibichi hivi mwanangu? Hakikauki hiki." Kila asubuhi wimbo ule ule. Siku ya kumi na mbili nikabandua mbele yake, kavaa miwani, kagusa, chini ngozi ya pinki imefunga yote. Akachukua pakiti akaisoma taratibu mpaka alipokuta neno alovera.

"Mshubiri huu," akasema. "Si nilikwambia?"

Hajawahi kuniambia.