Mnara wa mafundi majahazi, Kilwa Masoko: mataruma 31 kati ya 40 yamelipiwa

Hatimaye daftari na simu vinasema hesabu moja. Mataruma 31, yaani mbavu za chombo zitakazounda mnara huu wa kumbukumbu, yameshalipiwa, na kila shilingi iliyoingia ina mwenyewe.

Waliofuatilia tangu mwanzo wanajua kilichokwamisha: si uchache wa fedha, ni fedha isiyo na jina. Mtu anaahidi kama Baba Zuhura, pesa inaingia kwenye lipa namba kwa jina la binti yake, kwa kuwa laini kaisajili binti. Mwingine anatumia simu ya jirani. Jioni mweka hazina ana 60,000 nane na ahadi kumi na mbili, na hana pa kuanzia kuzioanisha. Aliyekwishalipa akidaiwa tena, ananuna na hachangii tena. Ana haki.

Orodha ya WhatsApp ilizidisha balaa. Wawili wakiinakili kwa wakati mmoja, kila mmoja akaongeza jina lake chini, anayetuma mwisho anamfuta mwenzake. Orodha ile inafaa mchango wa msiba wa siku mbili, si kazi ya miezi. Sasa anaandika mtu mmoja, mara moja kwa siku, halafu anabandika picha ya ukurasa wa daftari.

Dawa ya majina imepatikana kwenye shilingi za mwisho. Kila taruma lina namba, 01 hadi 40, na bei ni 60,000. Mlipaji wa taruma la 17 anatuma 60,017. Basi! Laini iwe ya nani, haidhuru. Akilipa kwa mafungu, atume 20,017 mara tatu. Jumla ni 60,051, lakini asiende mtu kumwandikia taruma la 51: kila muamala unasomwa peke yake. Mwenye mataruma mawili atume miamala miwili. Panapovunjika ni kwenye fedha taslimu, maana sarafu za kutimiza shilingi 17 hazipatikani mikononi mwa watu. Mwenye noti mkononi aende kwa mweka hazina, akatiwe stakabadhi ya nakala mbili yenye namba ya taruma.

Siku ya kukumbusha nayo ina hesabu yake. Mwisho wa mwezi unawafaa wenye mshahara tu. Wavuvi wa pweza wakumbushwe bamvua (siku za maji makubwa kujaa na kupwa) likiisha, wa dagaa giza la mwezi likiisha, na wakulima wa ufuta baada ya malipo ya mnada. Ujumbe ni uleule.

Sanamu ya saruji ya fundi aliyeshika tezo (kifaa cha kuchongea mbao), ile ya mpango wa kwanza, imewekwa kando. Chumvi ya bahari ikipenya kwenye saruji, nondo inashika kutu, inavimba, na sanamu inapasuka kutokea ndani. Badala yake ni mkuku (uti wa chini wa chombo) wa mita 8, fashini mbili (nguzo za mbele na nyuma) na mataruma jozi 20, bila mbao za ubavuni, ili mtu asimame katikati aone chombo kinavyoshikana. Magofu ya Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu pale, yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Utajiri ulioyajenga ulikuja kwa vyombo, na vyombo vilikuwa na mafundi. Nao wanastahili alama yao ufukweni.

Wanaouliza kwa nini taruma lisichongwe kwenye ubao wa bei nafuu: ubao ulionyooka ukikatwa kwa upinde, msumeno unapita katikati ya nyuzi, na taruma linavunjika pale pale penye kona. Linatakiwa gogo lililopinda lenyewe, nyuzi zikifuata upinde, na kulitafuta ndiko kunakokula fedha. Bei haishuki.

Yaliyobaki ni la 08, la 09, na saba ya upande wa tezi (nyuma ya chombo), 34 hadi 40. Fashini ya omo (mbele) imepewa namba 41, ya tezi 42, hazijapata wenyewe.