Kivuli kwanza, bembea baadaye: tunavyochagua pa kuwapeleka watoto hapa Dodoma

Mwezi wa tisa ukianza kuisha hapa Dodoma swali linakuwa ni lile lile, kwenye grupu la wazazi la shule, kwenye kikoba, hata nje ya kanisa baada ya ibada: jamani watoto tuwapeleke wapi wikiendi hii? Na majibu ni yale yale, sehemu fulani wameweka bembea mpya, sehemu nyingine wameleta puto kubwa la kurukia, kule kuna kitreni. Mimi siku hizi nauliza kwanza, mnaenda saa ngapi, na kivuli cha hapo kiko upande gani? Kuna wanaoona nakwepa kujibu lakini kwa jiji hili hilo ndo swali lenyewe, maana bembea ni zile zile kila mahali ila jua la hapa lina mambo yake.

Wengi wetu tumehamia. Serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 tukaja na watoto kutoka Dar, Tanga, Mwanza, na tukaja na uzoefu wa joto la huko tulikotoka. Pwani mtoto akizidiwa na joto unamuona, jasho linamtiririka, fulana imelowa, unamuita akae anywe maji. Hapa hewa ni kavu, jasho linakauka likitoka tu, mtoto anakimbia nusu saa nzima ukimpapasa mgongoni ni mkavu unasema huyu yuko sawa, kumbe maji yanamtoka kwa wingi tu wewe huyaoni. Alafu kuna upepo. Ule upepo wa mwezi wa nane mpaka wa kumi unapuliza unahisi kumepoa, lakini jua linaendelea kupiga ngozi vile vile. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani wanasema kila ukipanda mita 1,000 ile mionzi ya jua inayounguza ngozi inaongezeka kwa kama asilimia 10, kwa hiyo hata mwezi wa sita na wa saba ambao asubuhi tunavaa masweta, jua la saa saba mchana siyo la kumuachia mtoto kichwa wazi.

Na jambo ambalo naona watu hawalizungumzi sana: Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, maana yake kuna vipindi viwili kwa mwaka jua linapita juu ya utosi kabisa, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena kama wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Mwezi wa tatu angalau kuna mawingu, kuna majani, ardhi ina unyevu. Mwezi wa kumi hakuna kitu, mvua iliisha mwezi wa nne huko, ardhi imekauka, majani yameungua, na jua liko wima. Ukisimama saa sita na nusu mchana kivuli chako kiko chini ya miguu yako, na mti nao ni hivyo hivyo, ukikaa hatua chache pembeni yake uko juani.

Sasa hapo ndo upande wa mti unapokuwa na maana. Familia nyingi tunatoka jioni, kuanzia saa kumi hivi, na muda huo jua liko magharibi kwa hiyo kivuli kinalalia mashariki. Kiwanja cha jioni kinatakiwa miti yake iwe upande wa magharibi wa michezo, hapo kivuli kinazifuata bembea zilipo. Miti ikiwa mashariki, kivuli kinaanguka nje ya uzio au barabarani huko, watoto wanabaki juani mpaka saa kumi na mbili wakati mmekuja sehemu "yenye miti". Kuna sehemu moja tulienda, sitaitaja, imependeza kweli kwa picha, miti mikubwa kabisa, ila yote iko upande usiofaa, wazazi tumekaa tunakula chipsi kwenye ubaridi na watoto wako juani wanacheza kwenye mabati. Kama nyie ni watu wa asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, geuza hesabu, tafuta miti iliyo mashariki. Huhitaji dira, simama uangalie jua linazama wapi basi.

Aina ya mti nayo. Mbuyu ni fahari yetu huku, mimi naupenda sana na watoto wanapenda kuuzunguka wakiwa wameshikana mikono, lakini kiangazi unapukutisha majani, kwa hiyo mwezi ule unaohitaji kivuli kuliko yote wenyewe umebaki matawi matupu. Mkrismasi pia ukame ukikolea unapukutika. Miti ya ashoki ile mirefu myembamba wanayoipanda ukutani ni mapambo tu, kivuli chake hata mtu mmoja hakimtoshi. Ukikuta mwarobaini mkubwa, mjohoro, au mkwaju, hapo kaa. Ile inavumilia ukame na inabaki na majani muda mwingi wa mwaka, chini ya mkwaju uliokomaa unahisi kabisa tofauti ukiingia. Paa la bati siyo kivuli cha kutegemea sana, bati likishapata moto linakushushia joto kichwani, bora neti ya kivuli iliyofungwa juu juu ambapo upepo unapita.

Baada ya kivuli angalia mtoto anakanyaga nini na anashika nini. Mtelezo wa chuma uliokaa juani mchana unaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, na ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Naweka mgongo wa mkono wangu kwenye mtelezo, kwenye kiti cha bembea, kwenye minyororo, nahesabu mpaka tano taratibu, nikishindwa kufika tano hakuna mtoto wangu anayepanda, na watoto wenyewe wamezoea wanauliza "mama umeshapima?" Plastiki nayo inapata moto hasa ya rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Yale majani bandia ya kijani yanayotandikwa siku hizi kila sehemu yanawadanganya wengi, macho yanaona majani unadhani kumepoa lakini ni plastiki, kwenye jua kali yanazidi hata nyuzi 60, mtoto akivua viatu unasikia kelele. Mchanga safi uliokaa kivulini naupenda zaidi, mtoto akianguka haumii na ukichimba kidogo tu chini kumepoa, ila uliza kama unachekechwa, maana mbigili za huku mnazijua. Mbigili ikiingia kwenye kisigino cha mtoto wa miaka mitatu siku imeishia hapo. Na kwenye mawe na magogo yaliyopangwa kama mapambo chungulia chini kabla hajashika, nge wanapenda sehemu kama hizo.

Niseme na hili kwa sababu linanigusa. Tuna watoto wenye ualbino kwenye mitaa yetu na madarasani kwa watoto wetu, Tanzania ni kati ya nchi zenye watu wengi wenye ualbino duniani, na kwao kiwanja kisicho na kivuli ni mlango uliofungwa. Mnapopanga bethidei ya mtoto au pikiniki ya darasa, sehemu ya juani saa nane mchana maana yake kuna mtoto mtamuacha nyumbani au mtamuumiza. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua vinasaidia, pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili yao kabisa, lakini hayo yote hayachukui nafasi ya kivuli. Ukichagua sehemu inayomfaa yeye umechagua inayowafaa wote.

Sehemu zenyewe sasa. Mtu akiwa mgeni anatajiwa Nyerere Square na bustani ya Chinangali. Nyerere Square iko katikati ya mji, ina sanamu ya Mwalimu, kwangu mimi ni ya kupumzika, kupiga picha na kumuacha mtoto akimbie kimbie jioni jua likishashuka, siifuati kwa ajili ya bembea. Chinangali ndo watu wa familia wanakwenda zaidi, na ushauri wangu ni kwenda mapema au kuchelewa, usifike saa nane na watoto wadogo eti muwahi nafasi. Alafu kuna bar na migahawa yenye kona ya watoto, jpili baada ya kanisa zinajaa. Sizipingi, nyama choma ni tamu na watoto wana pa kuchezea, lakini muziki unakuwa mkubwa mpaka mtoto akilia humsikii, na mara nyingi kona ya watoto ndo ile sehemu iliyobaki juani baada ya meza za wateja kuwekwa kivulini. Ukiwa mteja sema. Mwambie meneja hizi bembea zihamishieni pale chini ya mti, anayelipa bili ni wewe.

Ila ninachokitamani zaidi ni vile viwanja vya mtaani. Mpango wa kwanza wa mji huu kama makao makuu, ule wa 1976 uliochorwa na kampuni ya Kanada chini ya CDA, mamlaka iliyokuwa inasimamia ujenzi wa makao makuu, ulichora mji wenye bustani na maeneo ya wazi ambapo mtu anatembea kwa miguu, na mpaka leo kwenye mitaa mingi iliyopimwa, Kisasa, Ilazo, Area D, utakuta kipande kwenye ramani kimeandikwa eneo la wazi. Ukienda unakuta kokoto, gari bovu na mbuzi. Siyo kila mzazi ana hela ya bajaji kwenda na kurudi, kiingilio, soda nne na chipsi, na kiwanja cha hatua mia kutoka nyumbani mtoto anakitumia kila siku wakati Chinangali anakwenda sikukuu. Kwa kiwanja cha karibu mimi naangalia vitu vichache tu baada ya kivuli: barabara ya bodaboda iko mbali kiasi gani, kuna mtaro ulio wazi au korongo pembeni, maana masika korongo kavu linajaa ghafla mvua ikinyesha huko juu, na kama kuna nyumba jirani itakayokubali mtoto atumie choo. Choo ndo kinachowarudisha watu nyumbani mapema kuliko hata jua, hasa wenye watoto wa kike.

Maji beba mengi kuliko unavyodhani, na usisubiri mtoto aseme ana kiu, mpe kila anapokuja kukuonyesha kitu. Juisi ya ubuyu au ukwaju ya nyumbani ni nzuri ila iwe na sukari kidogo na isichukue nafasi ya maji. Tumewafundisha watoto mchezo wa kivuli, ukiona kivuli chako ni kifupi kuliko wewe mwenyewe basi jua ni kali, rudi chini ya mti, na wanaufuata kwa sababu wanapenda kupimana. Mtoto akianza kuwa na hasira bila sababu, kichwa kinamuuma, anataka kutapika, acheni kila kitu, kivulini, mvue nguo za juu, mlowanishe na mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Akiongea vitu visivyoeleweka, akiishiwa nguvu kabisa au ngozi ikawa ya moto kupita kawaida, hiyo ni hospitali muda huo huo, na njiani muendelee kumpoza.

Kama mtaa wenu una eneo la wazi, lipelekeni kwenye mkutano wa mtaa kabla mvua hazijaanza, na muombe miti kabla ya kuomba bembea. Bembea fundi wa kuchomelea anawatengenezea kwa wiki moja, mti unataka miaka. Mashimo yachimbwe mwezi wa kumi na moja, miche ya mwarobaini na mijohoro iingie mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili zikishalowanisha ardhi vizuri, safu ndefu ikae upande wa magharibi. Mvua zetu zina kawaida ya kukatika katikati, mwezi wa kwanza au wa pili hapo, kwa hiyo pangeni zamu za ndoo tangu mwanzo, na kiangazi cha kwanza na cha pili msiache kumwagilia hata wiki. Na zungushieni miiba siku ile ile mnayopanda, mbuzi wa Dodoma hawasubiri kesho.