Nota nane mara 28

Wapiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayoshikwa katikati ya magoti, wengi wao wana kisa na Pachelbel, mtunzi Mjerumani wa zamani. Kanoni yake ya D, ile ambayo maharusi wa mjini huiomba wakati wa kuingia kanisani, imezipa fidla tatu utamu wote, selo ikaachiwa nota nane. Ndizo hizo hizo, mara 28, tangu mwanzo mpaka mwisho. Fidla ya kwanza inaingia, ya pili inafuata ikiwa nyuma mizani mbili, yaani mafungu mawili ya mapigo, na kurudia kile kile alichosema mwenzake, ya tatu nayo vivyo hivyo. Kadiri wanavyokwenda wanazidi kuchangamka, vidole vinakimbia, wanapeana macho, wanacheka. Selo huko chini, kwa herufi za do, re, mi: d, s, l, m, f, d, f, s. Halafu tena. Halafu tena.

Jana jioni nilizipiga zote, maana katika kikundi chetu selo ni moja na mwenye selo ni mimi. Fidla ya kwanza ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye pia ndiye mwenye sebule. Ya pili ni muuguzi anayekuja akitokea zamu. Ya tatu ni kijana aliyejifunzia Unguja. Mimi ni mhasibu. Hakuna anayetulipa, na wala hakuna aliyewahi kutuomba. Tulipomaliza, mwalimu alinitazama kwa huruma. "Pole sana, kaka. Wiki ijayo tutafute kitu chenye kazi kwako."

Nikamwambia hapana, turudie.

Walidhani natania. Nimelala na zile nota kichwani, nimeamka nazo, nimezipeleka misani na kurudi nazo, na sasa naona bora niziandike ili nipate usingizi.

Mimi nimelelewa kwenye sauti ya nne. Kwaya ya parokia ilinipokea sauti yangu ikiwa imevunjika juzi juzi tu, nikawekwa nyuma kabisa karibu na ukuta, pamoja na wazee wawili wa besi waliokuwa wakiimba wamefumba macho. Kazi yetu ilikuwa kukaa kwenye do na so huku soprano wakipewa maua yao. Anayepita nje ya kanisa huondoka na wimbo wa soprano mdomoni. Sijawahi kukutana na mtu njiani akiimba besi. Lakini ukisimama ndani ya sauti ile unajifunza jambo ambalo msikilizaji wa nje si rahisi alijue. Nota ile ile ya juu inageuka furaha au msiba kutegemea chini yake kumewekwa nini. Soprano ashike mi, nasi tuweke do: kanisa limetulia. Tukihamia la, mi ile ile imeingia simanzi, na soprano mwenyewe hajafanya chochote. Kwa kijana ambaye nyumbani alikuwa hasikilizwi na mtu, mamlaka hayo si haba.

Nota tulifundishwa kwa solfa, zimeandikwa kwa herufi kwenye karatasi za fotokopi zilizofifia, na juu pembeni pameandikwa Do = G au Do = F, yaani do ianzie nota ipi. Mfumo huo ulikuzwa na mchungaji wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich. Nia yake ilikuwa mtu wa kawaida aweze kusoma muziki akauimba bila kupitia shule ya wakubwa. Wamisionari wakauleta huku, nasi tukaushika mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki wa akina Bach ni wa Wazungu, sisi hatuna letu humo, huwa namuuliza Pasaka alikuwa wapi. Aleluya Kuu ya Handel, kutoka kwenye Messiah aliyoiandika mwaka 1741 kwa siku 24, inaimbwa kwa Kiswahili na mafundi, wauguzi na wenye maduka ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa tamasha. Tena kwa sauti nne, tena bila kinanda kama umeme umekatika. Na pale kwenye kutawala milele na milele, nani anaanza? Besi. Tenor, alto na soprano wanafuata nyuma yetu. Kila mwaka mmoja wa wale wazee alikuwa akinipiga kiwiko sekunde moja kabla.

Selo niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi na hakutaka kuilipia mzigo. Dar si rafiki wa ala hii. Masika yakianza, vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kung'ang'ania, manyoya ya upinde yanalegea katikati ya wimbo, na nyuzi usipozifuta jasho kila unapomaliza zinaharibika upesi. Muuguzi wetu alipohamishiwa Dodoma kwa muda alikutana na kinyume chake: hewa kavu, vigingi vinasinyaa na kuteleza vyenyewe, anaamka asubuhi anakuta nyuzi zote zimelala. Nyuzi mpya ni za kuagiza. Bei ya seti ya selo sitaitaja, kwa sababu mke wangu husoma hapa.

Miezi ya mwanzo sauti yake haikuwa ya kusimuliwa. Jumapili moja nilinyamaza mapema, mama jirani akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Kaka, leo mbao zimeisha?" Siku hizi haulizi tena. Juzi nilimsikia uani anafua, huku anaimba kwa la-la-la kitu ambacho nilikitambua mara moja: d, s, m, r, m, s, m, s.

Hiyo, ikipigwa mara mbili, ni mizani ya kwanza ya Preludi, kipande cha kufungulia, katika Suiti ya Kwanza ya Bach ya selo peke yake, Do = G. Suiti ni mfululizo wa vipande. Suiti ziko sita. Aliziandika karibu na mwaka 1720, alipokuwa akifanya kazi Köthen, mji wa Ujerumani, na nakala ya mkono wake mwenyewe haijapatikana; ile inayotegemewa zaidi ilinakiliwa na mkewe, Anna Magdalena. Kwa muda mrefu wengi walizichukulia kuwa mazoezi ya vidole. Mwaka 1890 kijana wa miaka 13, Pablo Casals, aliyekuja kuwa mpiga selo mashuhuri, alizikuta kwenye duka moja Barcelona, akakaa nazo zaidi ya miaka kumi kabla ya kuthubutu kupiga mojawapo mbele ya watu. Habari hiyo hunifariji sana kila upinde unapokwaruza.

Nilipoianza Preludi, nota za mistari mitano nilikuwa nazisoma kwa kudonoadonoa. Nikafanya nilichozoea kanisani: nikachukua kalamu nikaihamishia kwenye solfa. Ya kwanza, d, s, m, r, m, s, m, s. Ya pili, d, l, f, m, f, l, f, l. Ya tatu, d, t, f, m, f, t, f, t. Ya nne inarudi nyumbani, na ile sauti ya kati imefika do ya juu. Nikaweka kalamu chini. Hii ni kwaya! Besi ameshika do mizani zote nne, hasogei. Tenor juu yake anapanda ngazi: so, la, ti, do. Soprano anakwenda mi, fa, fa, mi. Na kila sauti ina uzi wake: besi kwenye uzi wa G ambao wala hauguswi na kidole, tenor kwenye D, soprano kwenye A. Mkono wa kushoto karibu haujahama mahali pake, na watu watatu wameshaimba.

Kwa ala moja, Bach hakuwa na namna ya kuwaimbisha wote kwa pamoja muda wote, akawaita mmoja mmoja upesi upesi na kuliachia sikio kazi ya kuwakumbuka. Do ya chini inaguswa mara moja mwanzoni na mara moja katikati ya mizani, basi, inaachwa. Lakini haiondoki. Mizani ya tatu ndiyo inayonimaliza: fa na ti zimekaa juu ya do, zinasuguana nayo, zinadai kwenda mahali, na besi anakataa kuondoka. Ukiwa mpiga besi unajua ukaidi ule. Tulikuwa tunafanya hivyo hivyo nyuma ya kanisa, tumeshika do huku wengine wote wakihangaika, tukijua watarudi.

Hapo ndipo naona raha ya kuwa mtu wa kujifurahisha tu. Kwenye rekodi mizani ya tatu inapita kwa sekunde chache. Mtaalamu jukwaani ana watu mbele yake, hana ruhusa ya kusimama. Mimi nina kiti cha plastiki, feni, na jioni nzima. Naweza kukaa ndani ya mgongano ule mpaka niushibe, nikafungua kwenda mizani ya nne, nikarudi tena nyuma. Huko mbele Preludi inakuwa ngumu. Katikati nakala yangu ina alama ya kusimama, na mimi husimama kwelikweli, nikanywa na maji. Kuelekea mwisho sauti inapanda nusu toni kwa nusu toni huku nota moja ya chini ikirudi na kurudi, na vidole vyangu havijakubaliana bado ni nani atangulie. Wala sina haraka nao.

Haraka nilikemewa nayo Unguja. Yule kijana wetu wa fidla ya tatu alijifunza upinde kwenye taarabu, na watu wa bara tunasahau kuwa visiwani fidla, selo na besi kubwa ya kusimama ni ala za nyumbani, zimekaa na udi, kanuni na akodiani miaka na miaka; Ikhwani Safaa wenyewe wana historia tangu 1905. Alinipeleka kwa mzee mmoja mpiga besi. Nikamwamkia, nikakaribishwa kahawa, nikapewa ala. Pale besi haipigwi kwa upinde, nyuzi zinadonolewa kwa kidole, na mimi nikawa nawahi mbele ya dumbaki, ile ngoma ya taarabu. Mzee akanisimamisha. "Una haraka ya nini, mwanangu? Boti ishaondoka." Ni kweli, ya mwisho ya siku ile ilikuwa imeshakwenda Dar. Tukadonoa nota zile zile chache hadi magharibi.

Kijana yule, sikio lake linajua vituo ambavyo kinanda cha kanisani hakina. Jana kwenye Pachelbel mi yake ilishuka unywele mmoja mara kadhaa, mwalimu wa hesabu akakunja uso. Mimi nilikuwa chini yake na do yangu na niliipenda. Nimwambie mwalimu? Hapana, acha amani itawale.

Asubuhi za kazi nasikiliza tu, kwenye mwendokasi, toka Kimara hadi Kivukoni. Wiki hizi ni kwintet ya Schubert ya nyuzi, yaani ya wapigaji watano, ya C, ile yenye selo mbili. Aliiandika mwaka 1828 na Novemba ya mwaka huo huo akafariki akiwa na miaka 31. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1853. Watu huisifia sehemu ya pili, ile ya pole pole, ambapo sauti tatu za kati zinashika wimbo mrefu ambao karibu hausogei na fidla ya kwanza inasema maneno mawili matatu juu yake. Ni kweli ni nzuri. Lakini sikiliza selo ya pili huko chini. Haishiki upinde kabisa pale mwanzoni, inadonoa, inaacha nafasi, inadonoa tena. Mimi humfuata huyo tu. Magomeni watu wanakanyagana mlangoni, kondakta wa maisha yao ni saa ya kuingia kazini, na mimi nasubiri nota moja ya kudonolewa ishuke mahali pake.

Jana baada ya Pachelbel ya pili niliwatajia kwintet hiyo. Muuguzi akasema nimechanganyikiwa. Mwalimu akasema anaweza kuazima viola, fidla kubwa kidogo ya sauti ya kati. Kijana akasema anamjua mtu Unguja anayepiga selo ya taarabu, mkono mzuri, anaweza kuvuka baada ya Idi tukajaribu sehemu ya pili peke yake, pole pole, bila kumwalika mtu. Akija atapewa selo ya kwanza, yenye nyimbo zote nzuri. Ya pili ni yangu, na hilo sikulipeleka kwenye kura.