Masta ya kompyuta: kwa nini nimeamua kurudi shule

Basi ni kweli, nimeamua kusoma masta ya sayansi ya kompyuta. Nyumbani habari zimeshafika maana bi mkubwa alipiga simu Jumapili, salamu hazijaisha vizuri akaniuliza, "Mwanangu, hivi hiyo digrii uliyonayo ina kasoro gani?" Mjomba naye akadakia kwa nyuma kwamba wenye digrii wamejaa mtaani, wenye masta nao wapo kibao, bora hiyo hela nikatafute kiwanja Chanika. Nikacheka, ila maswali yao ni ya msingi kabisa.

Iko hivi. Kazi yangu ni mifumo ya malipo, yaani shule au duka likitaka kupokea hela kwa simu sisi ndo tunakaa katikati yao na mitandao ya simu. Mteja anaweka namba ya siri, hela inakatwa, halafu mtandao unatuma taarifa kwenye seva yetu kwamba fulani kalipa. Hapo ndo pana utamu sasa. Ile taarifa inaweza isifike kabisa, au ikafika vizuri, tukajibu "tumepata", jibu letu likapotea njiani, mtandao ukaona kimya ukaituma tena. Usipojipanga mzazi aliyelipa ada laki mbili anasomeka kalipa laki nne, na mwingine kakatwa hela yake halali halafu mhasibu wa shule anamkazia macho kwamba hajalipa. Dawa yake kila developa wa malipo anaijua: kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, ikija taarifa yenye namba uliyoiona tayari unajibu sawa na huongezi hata shilingi.

Inafanya kazi, bosi anafurahi, mnahamia kwenye kazi nyingine. Mimi nikabaki na swali, kwa nini tusitengeneze tu mfumo ambao pande zote mbili zina uhakika?

Kuchimbachimba usiku nikakutana na wale majenerali wawili ambao watu wa kompyuta wanawajadili tangu miaka ya 1970: majeshi mawili juu ya vilima viwili, adui yuko bondeni, wajumbe lazima wapite hapohapo na wanaweza kudakwa, na imethibitishwa kwamba hata watumiane wajumbe wangapi hakuna jenerali atakayekuwa na uhakika kamili kuwa mwenzake atashambulia saa ileile. Yaani haiwezekani! Nikaja kwa Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, andiko lake la 1978 kuhusu namna ya kupanga matukio kwenye mashine nyingi bila kutegemea saa za ukutani, hilo nikaambulia nusu. La Fischer, Lynch na Paterson la 1985, linaloonyesha kwamba ujumbe ukiweza kuchelewa bila kikomo na mashine hata moja ikiweza kuzimika, hakuna njia ya kuhakikisha mashine zitakubaliana daima, likanitoa jasho mapema sana. Chuoni haya mambo tuliyagusa juujuu, tukakariri past papers, tukaingia UE (mitihani ya mwisho wa muhula), tukasahau.

Najua kuna watakaosema si ujisomee tu, vitabu vipo. Nimejaribu jamani. Ukitoka kazini umechoka unasoma yale yanayopanda kichwani, yale magumu unayaruka, na hakuna mtu wa kukubana.

Kuhusu wapi, nilipiga hesabu sana. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Kijitonyama ni karibu na nyumbani, Carnegie Mellon ya Marekani wana tawi Kigali, na hapo moyo uliyumba kidogo. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, watu wakisikia hivyo wanaruka, ila kwa ajili ya viza wanataka kuona hela ya kujikimu ya mwaka mzima imekaa kwenye akaunti maalumu, nilipoangalia ilikuwa euro 11,904. Nani anayo hiyo, mimi ambaye bodi ya mikopo bado inakula asilimia 15 ya mshahara kila mwezi?

Nimeangukia Georgia Tech, chuo cha Marekani, masta yao ya mtandaoni iliyoanza 2014. Ni kozi kumi, jumla yake haifiki dola 10,000, unalipia kila muhula kadiri ya kozi ulizochukua, kwa hiyo naendelea na kazi na napunguza moja moja. Kuingia sio kugumu kama kutoka, mwaka wa kwanza lazima upate B au zaidi kwenye kozi mbili za msingi, na ile ya mifumo iliyosambaa, yaani mashine nyingi zinazoshirikiana kama hizo za malipo, ndo naitolea macho ingawa waliopita wanasema inakula wikiendi zote.

Lekchara wangu wa zamani kakubali kuniandikia barua, transkripti nafuatilia, mtihani wa Kiingereza bado, nao ada yake si mchezo. Mama nilimweleza ile ya mzazi aliyelipa laki mbili ikasomeka nne, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ile laki mbili ya juu mzazi alirudishiwa.