Leo tumemwaga zege

Leo tumemwaga zege ya slabu huku Kinyerezi ninakofanya PT (mafunzo ya vitendo ya chuo), mikono inauma lakini nina furaha sana, wacha niandike kabla usingizi haujanibeba.

Darasani uwiano wa maji na saruji tuliusoma vizuri tu. Maji yakizidi, yale ambayo saruji haikuyatumia yanakauka baadae yanaacha vitundu ndani, nguvu inashuka. Hiyo kila mtu anaijibu kwenye mtihani. Ila simama saitini saa saba mchana, jua la Dar unalijua, zege inaanza kukaza kwenye toroli na vijana wanapiga kelele "injinia, ongeza maji bwana, hii haitandaziki!" Hapo ndo nimeelewa kwanini zege inaharibiwa mjini hapa, sio kwamba watu hawajui, ni migongo imechoka.

Fundi mkuu akagoma. Akaniambia "Mdogo wangu, lete koni tupime zege imelegea kiasi gani." Nikajaza koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka nashindilia kwa fimbo mara 25, nikainua taratibu, zege ikashuka milimita 40 hivi. Supavaiza akasema inatosha, washeni vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege. Nikapewa niishike mwenyewe, na zege ile iliyoonekana ngumu ikalegea ikaingia kati ya nondo bila tone la maji kuongezwa, wale vijana wakanyamaza wakaendelea na kazi.

Sasa kinachoniuma ni wenzangu. Kuna rafiki yangu wiki zote za PT anapanga mafaili ofisini, logibuku inagongwa mhuri kila Ijumaa, basi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina ule mpango wa SEAP tangu 2003, mhitimu anajifunza kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, ni mpango mzuri sana, lakini kwanini mtu asubiri mpaka amalize chuo ndo aguse chepe? Na mimi naona hawa mafundi wakuu walipwe na vyuo kabisa kwa kutufundisha, maana leo nimefundishwa na mzee ambaye hajawahi kukanyaga chuo na sijaona mwalimu mvumilivu kama yeye.

Kesho asubuhi nafungua moldi, zile kyubu za milimita 150, yaani vipande vya zege ya leo vya kupimia nguvu, naziweka kwenye maji. Nyingine zinavunjwa siku ya 7, zilizobaki siku ya 28, na nimeshaomba nikaendeshe mashine ya kuzivunja mwenyewe, wamekubali.